Programu ya kuandikia miongozo iliyonitesa katikati ya msimu wa kahawa

Naandika hasira ikiwa bado iko kifuani, mnivumilie.

Kazi yangu ni kuandika vitabu vya maelekezo. Karakana ninayofanya nayo kazi hapa Moshi inatengeneza mashine za mkono za kumenyea kahawa. Wanaonunua ni vikundi vya wakulima wa Kibosho, Uru na Machame, na fundi akishaondoka kinachobaki mikononi mwao ni kitabu changu. Kahawa mbivu haingoji; ikichumwa inatakiwa imenywe siku hiyo hiyo. Nafasi kati ya ngoma, yaani silinda inayozunguka, na bamba la kumenyea ikibana mno, punje zinakatika na kahawa inashuka daraja. Ikiachia mno, zinapita na maganda yake. Ukurasa wa kurekebisha nafasi hiyo, wenye picha tatu na jedwali, ndio moyo wa kitabu.

Ndio huo uliopotea.

Programu yenyewe unaandikia kwenye intaneti na unalipia kila mwezi. Malipo yalichelewa siku mbili tatu tu, kadi ilikataa. Nikakuta kazi imefungwa, kusoma naruhusiwa, kugusa siruhusiwi. Nikalipa. Nikatoa PDF nipeleke steshenari ikaprintiwe. Picha zote za ukurasa ule hazipo, na jedwali limegeuka mstari mmoja mrefu usiosomeka. Nikarudia na kurudia mpaka bando likaisha.

Nikapanda Kosta mpaka Arusha kwa wakala aliyeniuzia. Kijana yuko na simu yake. Shikamoo hakuna, karibu kiti hakuna. Nikajieleza nikiwa nimesimama. Akanijibu macho hayajatoka kwenye simu: "Mama, kwani mashine ya kahawa nayo inataka kitabu? Si wanazungusha tu?"

Si wanazungusha tu! Halafu ndipo akaniambia kwamba picha zinatoka vizuri ukilipia kifurushi cha juu. Yaani picha nilizopiga mwenyewe, nimechuchumaa karakanani na grisi mpaka kwenye viwiko, nizikomboe kwa pesa nyingine. Njia nzima ya kurudi, Usa River, Boma, mpaka nashuka stendi, kauli ile ilikuwa masikioni mwangu.

Mwenzangu mmoja ndiye aliyenionyesha Markdown, ambayo John Gruber aliitoa mwaka 2004. Ni maandishi matupu. Alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari inakuwa kichwa cha habari, nyota zinakuwa orodha, na faili lako linafunguka kwenye programu yoyote ya maandishi, uwe umelipa mtu au hujalipa. Picha zinakaa kwenye folda yako mwenyewe. Pandoc, programu ya bure, inayageuza maandishi hayo kuwa faili la Word au PDF. Ila hapo kwenye PDF muwe macho: kwa kawaida inategemea LaTeX, programu nyingine ya kupanga kurasa, na kuishusha LaTeX nzima ni gigabaiti kadhaa. Mimi natoa faili la Word kwanza, nalifungua kwenye LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word, PDF naitolea huko.

Majedwali ya Markdown yanachosha, hilo nalikiri. Ile ya asili haina jedwali kabisa, yameongezwa baadaye, na ukitaka kuunganisha visanduku viwili unakwama. Mwenye majedwali mengi aangalie AsciiDoc (mtindo mwingine wa maandishi matupu), ambayo pia inakuwezesha kuandika onyo la usalama mara moja katika faili moja na kuliita kwenye vitabu vyote.

Sasa niseme kweli. Ile programu ya kulipia ilikuwa na kitu kimoja ambacho sijakipata kwingine: fundi wetu alikuwa anagusa picha kwenye simu yake akiwa kazini na kuandika, "bolti hii imekosewa, ni ya kushoto." Makosa mangapi yalikamatwa hivyo! Kwa ajili ya hilo tu ningesema inunueni. Nilikuwa karibu kuipa nyota nne.

Lakini kuna kikundi cha Uru kilichukua mashine wiki ile ile na kitabu ambacho ukurasa wake muhimu nimeuandika kwa kalamu na kuutolea fotokopi, picha zenyewe nimezichora kwa mkono. Mama mmoja wa kikundi akanipigia jioni, kahawa iko kwenye ndoo, ananiuliza mchoro wa pili ndio juu au ndio chini. Nilimwelekeza kwa simu mpaka giza likaingia. Nyota moja.