Puukko yenye mpini wa gome la mbetula: tathmini ya mtumiaji

Puukko ni kisu kidogo cha kazi cha Wafini, na hiki ninachokitathmini kina bapa la chuma cha kaboni lisilozidi sentimita 10 pamoja na mpini wa gome la mbetula, mti wa nchi za baridi unaotambulika kwa shina lake jeupe. Nilikinunua kwa fundi wa kijijini nchini Ufini, ambako mji wa Kauhava umesifika kwa visu vya aina hii tangu karne ya 19, na ninakitumia zaidi kwa kupara samaki na kuchonga mbao. Bapa ni zuri, lakini bapa zuri hupatikana hata katika visu vya bei nafuu vya kiwandani. Kinachostahili kuzungumzwa ni mpini.

Gome la nje huvunwa mwanzoni mwa kiangazi, wakati maji ya mti yanapopanda na gome kubanduka kwa urahisi, na mvunaji mwangalifu hukata tabaka la nje tu bila kujeruhi la ndani, hivyo mti huendelea kuishi. Fundi hulikata vipande vya mraba, akavitoboa katikati na kuvitunga kimoja baada ya kingine kwenye msuka wa kisu, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini, makumi kwa makumi, kisha akavibana kwa nguvu kati ya vibati viwili vya shaba ya manjano na kuigonga ncha ya msuka kwa nyundo mpaka itandazike juu ya kibati cha mwisho. Tupa na msasa ndivyo vinavyolipa bunda hilo umbo la kukaa kiganjani. Katika kisu changu hakuna gundi wala vanishi. Ukiutazama mpini kwa karibu, unaona tabaka nyembamba za kahawia na krimu zilizolaliana kama kurasa za kitabu kilichofungwa.

Mpini huu ni mwepesi kuliko unavyotarajia, na asubuhi ya baridi kali hauunyonyi mkono joto. Sifa yake kubwa, hata hivyo, huonekana mikono inapoloa. Gome la mbetula lina betulini, dutu nyeupe inayolisaidia kuzuia maji, na ndiyo maana watu wa kaskazini walilitandika kwenye mapaa ya nyumba zao. Huko Novgorod, Urusi, barua zilizoandikwa juu yake zimekuwa zikifukuliwa tangu 1951 zikiwa bado zinasomeka, baada ya kukaa karne kadhaa katika udongo wenye unyevu. Nina kisu kingine chenye mpini wa mpingo, na kwa uzuri wa macho mpingo haushindwi, lakini ukishapata ute wa samaki huteleza, ilhali gome hubaki limeng'ang'ania kiganja.

Kasoro zipo. Karibu na kibati cha mbele, tabaka mbili hazikubanwa sawasawa, na katika upenyo huo huingia magamba ambayo hayatoki ila kwa kijiti. Kwa bei inayozidi mara kadhaa ile ya kisu cha kiwandani, fundi alipaswa kuliona hilo kabla ya kukiuza. Gome pia ni laini, hivyo mpini ukiangukia jiwe hubonyea, na kisu cha namna hii si cha kupigiwa nyundo ili kupasulia kuni. Ala yake ya ngozi imelegea kidogo, jambo ambalo kwangu ni dogo.

Kwa mtu anayefanya kazi za maji au za baridi ningemshauri akinunue, mradi kabla ya kulipa apitishe ukucha juu ya tabaka zote kuhakikisha hazina upenyo, kisha aushike mpini na kujaribu kuuzungusha: ukicheza hata kidogo, akirudishe kisu mezani na kuomba kingine.