Resini ya kupimiwa kwa kilo: tathmini ya duka lililonihudumia nilipofufua boti ya faiba

Boti ya marehemu ami yangu ilikuwa imelala chini ya mwembe, nyumbani kwetu Tudor, Mombasa, kwa miaka tisa. Ni boti ya faiba ya futi 16, ya kuvulia, yenye tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, iliyokatwa bapa kwa ajili ya kufungia mashine. Nilipoamua kuifufua mwenyewe, hapo hapo uani, nilihitaji resini ya poliesta (gundi ya majimaji inayoloweshwa kwenye mikeka ikaganda), mikeka ya nyuzi za faiba, hadina ya kugandishia resini, asetoni ya kusafishia vifaa na jelkoti, yaani rangi nzito ya tabaka la nje, na karibu vyote nilivinunua katika duka moja la kisiwani ambalo nimelirudia mara tano tangu upepo wa kaskazi uanze kuvuma. Jina lake silitaji, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza nimeikuta pia kwa wauzaji wengine wawili, na si haki kumbebesha mmoja mzigo wa wote.

Kwanza nieleze hali ya boti yenyewe, ili msomaji aelewe duka lilitakiwa kunisaidia nini. Nilipoigonga tezi kwa mpini wa nyundo, pembeni ilijibu kwa mlio mkavu, lakini pale kati, mashine inapofungwa, mlio ulikuwa mzito kama wa kugonga papai bivu. Nikatoboa tundu dogo kwa keekee, na maji ya rangi ya chai yakaanza kutiririka, yakiendelea kudondoka hadi magharibi. Watu wengi huamini kwamba boti ya faiba haiozi, na ni kweli kwamba faiba yenyewe haiozi, lakini ndani ya tezi ya boti nyingi za zamani kumefichwa plaiwudi iliyofunikwa na ngozi mbili za faiba, na maji yakipenya kwenye tundu la bolti lisilozibwa vizuri hayana pa kutokea. Wazee wetu waliokuwa na majahazi walijua kwamba mbao zinataka kutazamwa, wakakalafati na kupaka sifa, yale mafuta ya papa, bila kungoja chombo kivuje. Sisi wenye faiba tulidhani tumeepukana na kazi hiyo.

Mzee anayeuza katika duka hilo hakunipa bei mpaka aliponihoji.

“Boti au tangi?”

“Boti, mzee wangu. Tezi imeoza ndani.”

“Utatundika mashine gani?”

“Arubaini.”

“Basi hebu niambie, mwanangu, huo ubao wa zamani umeutoa wote, au umekwangua ulipoona pameoza tu?”

Nilikuwa nimekwangua palipooza tu. Akanirudisha nyumbani mikono mitupu, akaniambia nitoe plaiwudi yote, niiache ngozi ya nje isimame peke yake ikauke, kisha nirudi na vipimo vya urefu na upana. Nilikasirika siku hiyo, kwani nilikuwa nimepoteza nauli na nusu siku, lakini nilipoendelea kubandua nilikuta unyevu umepanda shubiri mbili zaidi ya pale nilipodhani umeishia. Mashine ya nguvu za farasi 40 ina uzito unaopita kilo 70, na inaposukuma, nguvu yote ya boti hupitia kwenye ubao huo mmoja. Kama angeniuzia siku ile, ningefunika uozo kwa faiba mpya.

Niliporudi, alinipigia hesabu kwa kalamu nyuma ya risiti. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hunywa resini ya uzito wake mara mbili na nusu hivi, yaani zaidi kidogo ya kilo moja kwa kila mita ya tabaka moja, na tabaka moja likishaganda hutoa unene unaokaribia milimita moja. Kwa tezi yangu, pamoja na ulimi wa kupandia ubavuni kila upande, akanikadiria tabaka tano. Aliniambia pia nisiununue mkeka huo kwa kazi ya epoksi, ambayo ni resini ya aina nyingine, kwa sababu gundi inayoshika nyuzi zake imekusudiwa kuyeyushwa na resini ya poliesta, na ukitiwa epoksi hubaki mgumu, haulali kwenye kona. Nilipomwomba jelkoti alikataa: “Jelkoti utaijia ukishamaliza kupiga msasa. Ukiinunua leo itakuzeekea nyumbani.” Ni nadra kwa muuzaji kukataa pesa iliyokwisha kutolewa mfukoni, na hilo ndilo jambo linalonifanya niandike kwa moyo mkunjufu licha ya yale yatakayofuata.

Bidhaa zenyewe ni nzuri. Mkeka ulikuwa umehifadhiwa ndani ya nailoni, mkavu, usio na madoa ya unyevu, na ulikatwa kwa mita bila kupunjwa. Resini ilikuwa na wekundu hafifu, dalili kwamba imekwisha kuchanganywa na kobalti ya kuharakisha ugandaji, kwa hiyo iliyobaki kwa mnunuzi ni hadina tu. Hilo ni jema kuliko kuuziwa kobalti na hadina katika chupa mbili, kwani vitu hivyo viwili vikigusana vyenyewe, kabla ya kuingia kwenye resini, vinaweza kulipuka. Nilibandika plaiwudi mbili za milimita 18, moja juu ya nyingine, nikazikaza kwa vibano na mbao za kubania, kisha nikasugua kingo za faiba ya zamani kwa grainda mpaka zikawa mteremko mrefu, sentimita sita kwa ukuta wa milimita tano, ili tabaka mpya zipate pa kushika. Tabaka mbili za kwanza zililala kama ngozi. Resini ilipenya weupe wa mkeka ukageuka kioo chini ya rola, na kila kiputo cha hewa kilionekana na kutolewa kabla haijaanza kushika.

Tatizo lilianza nilipoishiwa na kurudi kuongeza. Mzee hakuwepo, na kijana aliyekuwa zamu alinipimia resini kilo nne, akanimiminia hadina katika chupa tupu ya maji ya kunywa, bila karatasi, bila jina, bila tarehe. Nilipomuuliza kiasi, alinijibu kwa uhakika kwamba ni kizibo kimoja kwa kilo. Nilifuata maneno yake. Asubuhi hiyo ilikuwa imenyesha mvua kidogo, nikapiga tabaka la tatu, na siku mbili baadaye lilikuwa bado linanata. Kunata kwa juu peke yake hakungenitisha, kwa sababu poliesta isiyotiwa nta hubaki na utando unaonata pale inapogusana na hewa, na utando huo ndio unaosaidia tabaka linalofuata kushikana na la chini. Lakini nilipobonyeza kwa kidole gumba, kucha ilizama. Faiba iliyoganda haipokei kucha.

Nilichukua bomba la sindano, nikakipima kile kizibo kwa maji. Kilijaa kwa mililita sita. Hadina ya aina hii hutakiwa kati ya asilimia moja na mbili ya uzito wa resini, na kwa kuwa ni nzito kidogo kuliko maji, asilimia moja ya kilo ni kama mililita tisa. Kwa hiyo nilikuwa nimetia pungufu ya theluthi moja chini ya kiwango cha chini kabisa, katika asubuhi yenye unyevu. Nililikwangua tabaka lote kwa patasi na grainda, kazi ya siku nzima, huku vumbi la faiba likiniwasha shingoni na majirani wakianua nguo zao kwenye kamba. Mita tatu za mkeka na kilo nne za resini zilipotea kwa sababu ya kizibo.

Hasara hiyo ningeimeza. Ninachokilalamikia kwa nguvu zaidi ni ile chupa. Hadina ni maji meupe yasiyo na rangi, na katika chupa ya maji ya kunywa hakuna jicho linaloweza kuitofautisha. Jioni ile ile mama yangu aliikuta juu ya meza ya barazani akaichukua kuipeleka kwenye friji, pamoja na chupa nyingine, ili ipate baridi. Nilimwona akiwa mlangoni. Kemikali hii huunguza koo na tumbo, na tone moja likiingia jichoni linaweza kuondoa uwezo wa kuona usipoliosha papo hapo kwa maji mengi, kwa robo saa na zaidi, kabla hata ya kufikiria kwenda hospitalini. Muuzaji anayeimimina katika chupa ya maji, hata kama anaokoa pesa ya mnunuzi, anaingiza hatari katika nyumba asizozijua, zenye watoto na wazee. Nilirudi nikamweleza mzee mwenyewe. Alinisikiliza, akaniomba radhi, akanipa bila malipo kikombe cha kupimia chenye mistari, na mara ya tano nilipokwenda nilikuta hadina imetiwa katika chupa nyeupe zisizopenyeza mwanga, zenye maandishi ya kalamu ya wino mzito. Tarehe bado haziandikwi. Katika joto letu la nyuzi 30 na zaidi resini huzeeka mapema kuliko inavyosemwa kwenye mkebe, kwa hiyo mnunuzi aombe kuuona mkebe wa asili na kutikisa kilichomo: ikiwa inajivuta kama asali iliyopoa, aiache.

Barakoa ya kuzuia mvuke dukani hapo haipo, ila zile za kitambaa za kuzuia vumbi, ambazo hazizuii chochote mbele ya harufu ya resini. Nilinunua kwingine yenye vichujio vya mkaa. Bei zao sitaziandika, kwa kuwa bidhaa hizi hutoka nje na hupanda na dola, ila nililinganisha na maduka mawili na hapa palikuwa nafuu kwa mkeka, sawa kwa resini, na ghali kidogo kwa asetoni.

Kwa anayefufua boti nyumbani, ninalipendekeza duka hili kwa sharti kwamba aende mzee akiwepo, asubuhi kabla ya adhuhuri, akiwa na vipimo vyake na chupa yake mwenyewe iliyoandikwa. Tabaka tano sasa zimeganda, na tezi nikiigonga inalia kwa mlio mmoja kutoka ubavu hadi ubavu. Wiki ijayo ninaifuata ile jelkoti niliyonyimwa, niipake kabla ya mvua za masika, kisha nimwite mkaguzi wa Kenya Maritime Authority, mamlaka inayosimamia vyombo vya majini, na bamvua itakayofuata, maji ya bahari yatakapojaa sana, tuishushe majini.