Bendi Tuliyoikodi kwa Harusi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alipoiambia kamati kwamba katika tafrija ya harusi yake hataki DJ, bali bendi ya kupiga jazi na swingi kwa vyombo halisi, wanakamati wengi tulinyamaza, kwa sababu michango ilikuwa haijafika nusu na bendi ya watu tisa hailipwi sawa na kijana mmoja mwenye kompyuta. Nikiwa katibu, nilikabidhiwa kazi ya kuitafuta bendi hiyo, kupatana bei na kuisimamia siku yenyewe ukumbini Sinza, Dar es Salaam. Tulikubaliana shilingi milioni 3.5 kwa vipindi vitatu vya dakika 45 kila kimoja, nusu ikalipwa siku ya kutia saini na nusu ikasubiri siku ya harusi. Fedha hiyo siijutii, ingawa yapo mambo mawili ambayo anayetaka kukodi bendi ya namna hii anapaswa kuyajua mapema.

Wengi wakisikia jazi hudhani ni muziki wa kuketi na kusikiliza kwa utulivu, na hofu hiyo ilikuwamo hata ndani ya kamati yetu. Swingi haikuzaliwa hivyo. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, bendi kubwa kama za Duke Ellington na Count Basie zilikuwa za kuchezesha watu, na ukumbi wa Savoy Ballroom wa Harlem, New York, uliofunguliwa mwaka 1926, ulisifika kwa wachezaji wake. Besi hutembea mapigo manne bila kuruka hata moja, na juu yake mpiga ngoma hulikata kila pigo vipande viwili visivyolingana, cha kwanza kirefu na cha pili kifupi, mpaka mguu unaanza kugonga sakafu bila mwenyewe kuutuma. Neno jazz lenyewe si geni kwetu: Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944 na NUTA Jazz mwaka 1964, ingawa dansi la bendi hizo lilichota zaidi kwenye rumba ya Kuba kuliko kwenye swingi. Niliichagua bendi hii baada ya kuisikiliza mazoezini na kuona kwamba inapiga swingi na dansi la nyumbani kwa uhodari uleule, kwani miongoni mwa wageni wetu 300 walikuwamo wazee ambao ujana wao uliishia kwenye kumbi za dansi.

Wakati wa chakula ndipo nilipoanza kuona thamani ya wanamuziki hawa. Mpiga ngoma aliweka fimbo zake chini, akachukua vifagio vidogo vya waya na kuanza kuisugua ngozi ya ngoma kwa mzunguko, taratibu, kama mtu anayepeta mchele. Mpiga tarumbeta akaziba mdomo wa chombo chake kwa kizibo, na sauti iliyotoka ikawa nyembamba, ya karibu, kama ya mtu anayekunong'oneza. Nilikaa meza ya tatu kutoka jukwaani, na nilizungumza na shangazi yangu kuanzia pilau hadi matunda bila yeyote kati yetu kupaza sauti. Nimehudhuria harusi nyingi ambamo wageni hula wakitazamana tu kwa sababu spika zimewameza, kwa hiyo jambo hili nalitaja kwa shukrani. Mpiga saksafoni, mtu mzima mwenye leso nyeupe begani, alikuwa kila baada ya wimbo akikilowesha kwa ulimi kile kipande chembamba cha tete kilicho mdomoni mwa saksafoni, kisha akimtazama kiongozi wake na kungoja ishara.

Ndafu ilipoingizwa, bendi ilihama kutoka swingi kwenda dansi bila kukatisha mapigo. Tumba ilitangulia, gita la solo likafuata, na baba mkwe, ambaye jioni yote alikuwa ameketi wima kama yuko barazani, akainuka akiwa na noti mkononi kwenda kumtunza mpiga solo kwa kuibandika noti hiyo kwenye paji la uso wake. Kiongozi wa bendi alipoona wazee wamejaa uwanjani alirefusha wimbo ule karibu mara mbili, na alipoona wameanza kuhema akaupunguza mwendo. Rekodi hudumu dakika zake zilezile, awe anayecheza amechoka au ndio kwanza amepamba moto.

Sasa niyaeleze yaliyotuudhi. Tulitarajia wafike saa tisa alasiri, wakafika saa kumi na moja na nusu, na saa kumi na mbili wageni walipoanza kuingia, bado fundi mitambo alikuwa akijaribu vipaza sauti mbele ya watu waliovaa suti na vitenge vya sare. Pili, kati ya kipindi kimoja na kingine walipumzika dakika 25, nasi hatukuwa na chochote cha kuijaza nafasi hiyo, hivyo MC akalazimika kusimulia mambo ambayo hakuna aliyeyahitaji. Mapumziko ni haki yao, maana kupuliza tarumbeta kwa dakika 45 ni kazi ya mapafu na midomo, lakini walipaswa kutuambia kabla tuandae muziki wa kurekodiwa. Kosa la jukwaa lilikuwa letu: mita nne kwa tatu ni finyu mno kwa watu tisa wenye vyombo, na mpiga tromboni alipiga usiku kucha akiwa amesimama pembeni ili mkono wake wa chombo usimgonge mwenzake.

Niliyaeleza yote haya kwa kiongozi wa bendi wakati wa kumalizia malipo, akaomba radhi kwa kuchelewa bila kutafuta visingizio. Mdogo wetu wa mwisho anaoa Desemba, na tumekwisha kuwalipa malipo ya awali. Safari hii mkataba unataja saa nane mchana kuwa saa ya kufika, jukwaa la mita sita kwa nne, na muziki wa mapumziko utakaoletwa na fundi mitambo wao wenyewe.