Modeli ya fuwele ya chumvi: inafaa darasani, ila vijiti vyake vina kasoro

Nafundisha kemia sekondari, na seti hii nimeinunua kwa hela yangu. Ina mipira 27 ya plastiki: 14 ya kijani ni klorini, 13 ya zambarau ni sodiamu. Inapangwa tabaka tatu na kushikiliwa na vijiti vyeupe.

Ubaoni huwa tunachora sodiamu 2:8:1, klorini 2:8:7 (idadi ya elektroni katika kila mzingo wa atomu), halafu mshale: elektroni moja imehama, huku chaji chanya, kule hasi. Mchoro ni sahihi, lakini wanafunzi wengi huondoka wakiamini kuhama huko ndiko bondi yenyewe, yaani kinachozishikilia pamoja, na kwamba kila sodiamu ina klorini yake moja. Sasa mpe mwanafunzi modeli hii. Autafute mpira wa zambarau wa katikati kabisa, ahesabu majirani zake. Ni sita, wote kijani: juu, chini na pande nne. Muulize, wake ni yupi? Hapo anaona mwenyewe kuwa bondi ya ioni (atomu zenye chaji) ni mvutano wa chaji unaokwenda pande zote, na kwamba ndani ya chumvi hakuna molekuli, yaani vikundi vidogo vya atomu vilivyojitenga.

Nilichokipenda kuliko vyote ni tabaka la juu, maana linachomoka. Lisogeze hatua moja tu: kijani kinakaa juu ya kijani, zambarau juu ya zambarau. Chaji za aina moja husukumana. Ndiyo sababu punje kubwa ya chumvi ya mawe ukiigonga inapasuka, tena kwa uso ulionyooka, wala haibonyei.

Vijiti ndivyo vinavyoniudhi. Mtoto anavishika na kusema, "Mwalimu, bondi hii hapa." Waelezeni mapema kwamba kazi yake ni kuzuia mipira isianguke tu. Halafu mipira yote ina ukubwa mmoja, wakati ioni ya klorini ina nusu kipenyo cha pikomita 181 hivi na ya sodiamu 102. Kijitabu chake nacho kimeandika "molekuli ya chumvi". Ukurasa huo mimi nimeubandika karatasi.

Seti hiyohiyo inafaa kwa oksidi ya magnesi, kwani mpangilio ni uleule. Chaji zake ni mbilimbili, ioni ni ndogo zaidi, mvutano mkali: chumvi huyeyuka kwa nyuzi 801 za Selsiasi, oksidi hiyo hupita 2,800.

Darasa likiwa kubwa nunueni seti mbili. Tabaka likishachomolewa, kila mmoja anataka kulisogeza mwenyewe.