Postfix kama seva ya akiba ya barua pepe: imara, ila usiiache bila orodha

Seva kuu ikizimika, barua zinazoingia zinahitaji mahali pa kusubiri. Kwa kazi hiyo Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotoka mwaka 1998, bado ni chaguo la kwanza. Haihitaji mashine kubwa, na foleni yake hukaa kwenye diski, hivyo barua ikishapokelewa haipotei programu ikiwashwa upya.

Upande wa DNS (mfumo wa majina ya mtandao) ni mwepesi: rekodi mbili za MX, yaani zinazotaja seva zinazopokea barua za kikoa, seva kuu kwa namba 10 na ya akiba kwa 20, kwa kuwa namba ndogo hujaribiwa kwanza. Zote zielekezwe kwenye majina yenye anwani ya IP, si kwenye CNAME (jina la badala linaloelekeza kwenye jina lingine). Seva mbili zilizo nyuma ya ruta moja huzimika pamoja, kwa hiyo ya pili ikae kwenye mtandao mwingine.

Kwenye main.cf, faili kuu la mipangilio ya Postfix, ya seva ya akiba, andika kikoa chako katika `relay_domains` (vikoa ambavyo barua zake hupitishwa tu) na ukiondoe katika `mydestination`. Kikibaki huko, Postfix itadhani yenyewe ndiyo mwisho wa safari. Kama mashine iko nyuma ya NAT (ruta inayobadilisha anwani za ndani kuwa za nje), taja anwani yake ya nje katika `proxy_interfaces`. Usipofanya hivyo, seva haijitambui ndani ya MX na barua hurudi na malalamiko ya "loops back to myself".

Wengi huharibikiwa kwenye `relay_recipient_maps`, yaani orodha ya wapokeaji halali. Ikiachwa tupu, seva hupokea barua za jina lolote ndani ya kikoa, hata la kubuni. Seva kuu ikizikataa baadaye, ya akiba hulazimika kutuma taarifa za kushindwa kwa watumaji ambao mara nyingi anwani zao zimeghushiwa, na IP yako huishia kwenye orodha nyeusi. Watuma barua taka wanaijua njia hii. Hulenga MX yenye namba kubwa hata seva kuu ikiwa hewani. Andika orodha ya anwani halali, uipitishe kwenye `postmap` (amri inayoigeuza kuwa jedwali ambalo Postfix hulisoma), na uihuishe kila mtumiaji anapoongezwa. Kuna njia ya `reject_unverified_recipient`, inayoiuliza seva kuu yenyewe, lakini seva kuu ikiwa imezimika, anwani isiyo kwenye kumbukumbu hujibiwa kwa 450 (kukataliwa kwa muda), yaani msaada unakosekana saa ile ile unapohitajika. Orodha ni bora.

Seva kuu nayo iiamini IP ya seva ya akiba: isiipime kwa SPF (ukaguzi wa kama seva inaruhusiwa kutuma kwa niaba ya kikoa) wala kuizuia kwa wingi wa barua. Vichujio vya barua taka vifanye kazi kwenye seva zote mbili kwa ukali uleule.

Kwa kawaida foleni hushikilia barua siku 5. Kuweka `maximal_queue_lifetime` ya siku 10 kunakupa nafasi zaidi ya kukarabati. Muda kati ya majaribio hufika hadi sekunde 4000, hivyo seva kuu ikirudi usingoje: endesha `postqueue -f`, kisha hakikisha kwa `postqueue -p` kwamba foleni inapungua.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba watumiaji hawasomi chochote barua zikiwa foleni. Anayetaka masanduku yafunguke bila kukatika anahitaji nakala za masanduku yenyewe, na kazi hiyo Postfix haiifanyi.