Afrobarometer: data za bure za maoni ya wananchi, nimezitumia sana na haya ndo maoni yangu

Wakuu, kuna huduma nataka niielezee hapa kwa sababu watu wa vyuoni wanaijua vizuri tu ila huku kwenye redio za jamii, asasi ndogo na hata kwa madiwani wengi hawajui kama ipo, na haina malipo yoyote, hakuna usajili wa kulipia wala nini. Ni tovuti ya Afrobarometer. Mimi naandaa vipindi vya redio vya masuala ya jamii na kila nikitaka kujua wananchi wanasemaje kuhusu rushwa, kodi, maji, ajira, naanzia pale.

Kwa asiyejua, hawa jamaa wanafanya utafiti wa maoni tangu 1999, walianza na nchi 12, makao yao yako Accra, Ghana, na kila nchi wana taasisi ya nyumbani inayofanya kazi yenyewe, Tanzania wamefanya na taasisi ya utafiti ya REPOA, Kenya na taasisi ya masomo ya maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Duru ya tisa, 2021 mpaka 2023, walifika nchi 39 na kuhoji watu 53,444. Na si kura ya kubonyeza mtandaoni ile ambayo shabiki mmoja anapiga mara mia. Mdadisi anafika mlangoni na tableti, anaorodhesha watu wazima wa kaya wa jinsia inayotakiwa, mara hii wanaume, kaya inayofuata wanawake, mmoja anachaguliwa kwa bahati nasibu, na unahojiwa kwa lugha unayoitaka. Kwetu Tanzania wanahoji watu 2,400, nane nane kwa kila eneo la kuhesabia watu lile lile la sensa, yaani maeneo 300, Bara na Visiwani.

Sasa kinachonifurahisha zaidi ni ile sehemu ya kuchambua data mtandaoni. Huhitaji kujua takwimu za chuo. Unachagua nchi, unachagua duru, unachagua swali, unapata asilimia, halafu unaweza kuligawa jibu kwa jinsia, umri, elimu, mjini na kijijini. Unaweza pia kuweka duru kadhaa pamoja ukaona mambo yanavyopanda na kushuka, na Tanzania ipo tangu duru ya kwanza kabisa mwaka 2001 kwa hiyo una zaidi ya miaka 20 ya kulinganisha, kitu ambacho sidhani utakipata kwingine bila kulipia. Mwenye utaalamu anadaunlodi faili zima la SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, na kama huna SPSS basi PSPP au R zinafungua na zenyewe ni za bure.

Maswali ya umaskini ndo nayapenda mno. Hawakuulizi kipato chako ni shilingi ngapi, maana nani atasema ukweli kwa mgeni mlangoni, wanauliza mwaka uliopita wewe au mtu wa familia yako mmekosa mara ngapi chakula cha kutosha, maji safi ya nyumbani, dawa au matibabu, nishati ya kupikia, na kipato cha fedha taslimu. Mambo matano tu, majibu kuanzia hajakosa kamwe mpaka amekosa muda wote, halafu wanatoa wastani. Ukiyaweka hayo pembeni ya takwimu za ukuaji wa pato la taifa unaona pale uchumi unapokua kwenye makaratasi na pale unapofika kwenye sufuria. Na kuna kitu watu wengi wanakiruka, mdadisi mwenyewe anajaza alichokiona pale eneoni, kuna nguzo za umeme? bomba la maji? shule, zahanati, kituo cha polisi, soko, mtandao wa simu, barabara ni ya lami? Kwa hiyo unaweza kuuliza hivi, wanaoishi palipo na bomba na wanaoishi pasipo nalo wanaiaminije serikali yao, na jibu likaja hapo hapo.

Kasoro sasa. Ya kwanza, mimi sijakuta Kiswahili kwenye tovuti, wakati mama wa Kongwa au mzee wa Pemba alihojiwa kwa Kiswahili. Aliyetoa maoni hawezi kuyasoma maoni yake, hii inaniuma kweli na naomba walifanyie kazi. Ya pili ni mkoa, na hapa ndo waandishi wenzangu tunapotakiwa kuwa makini sana. Watu 2,400 kwa nchi nzima ni sawa kabisa, unakosea kwa asilimia 2 juu au chini, lakini gawanya kwa mikoa 31 unabaki na watu kama 77 kwa mkoa, hapo kukosea kunaruka mpaka kama asilimia 11 kila upande. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa data hizi Mbeya wanamkubali kiongozi fulani kwa asilimia 58 na Iringa 52, mwambie hapo hakuna tofauti yoyote ya kutangaza. Tumia nchi nzima, mjini na kijijini, wanawake na wanaume, basi.

Ya tatu si kosa lao ila lazima uijue. Mwisho wa mahojiano wanauliza unadhani nani ametutuma? Na watu wengi, nchi nyingi tu, wanajibu serikali. Fikiria mwenyewe kijijini, mgeni kaja na barua, kapita kwa mtendaji, kapelekwa na mjumbe, ana tableti, anauliza unamwamini rais kiasi gani, mtu anawaza labda hawa ndo wale wa kuandikisha TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, atajibu nini? Watafiti wameshachunguza hili na wamekuta wanaodhani ni serikali wanatoa majibu ya kuipendelea zaidi. Uzuri ni kwamba swali hilo limo humo humo kwenye data, kwa hiyo ukiona imani kwa viongozi iko juu sana, ligawe jibu kwa swali la nani katutuma, uone waliosema serikali na waliosema shirika binafsi wanapishana vipi. Mimi siku hizi sisomi namba ya kuridhika na viongozi redioni bila kulifanya hilo kwanza, na nawaheshimu sana kwa kuliacha swali wazi mtu yeyote alikague.

Wengine wataniuliza kuhusu Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni wa asasi ya Twaweza. Ile ni nzuri pia na faida yake kubwa wanachapisha kwa Kiswahili, wanapigia simu kundi lile lile la watu, waliwapa simu na chaja za sola, kwa hiyo wana uwezo wa kuuliza jambo la wiki hii likajibiwa haraka. Ila ni Bara tu, Zanzibar haimo. Na tunakumbuka 2018 walipotoa matokeo ya Rais Magufuli kukubalika kwa asilimia 55 kutoka 96 ya 2016, COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, wakawaandikia barua kuhusu kibali na mkurugenzi wao akazuiliwa pasi ya kusafiria. Ndo maana mimi natumia zote mbili, moja ikisema kitu naangalia nyingine inasemaje.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, ya tano waje waichukue wakileta Kiswahili. Kwa anayeanza leo nenda kwenye swali la matatizo makubwa ambayo serikali inapaswa kuyashughulikia, mtu anataja mpaka matatu kwa maneno yake bila kusomewa orodha, chagua Tanzania, gawa mjini na kijijini, kisha weka pembeni ya bajeti inayosomwa Juni na uulize mbunge wako hela imeenda wapi.