Uzoefu wangu na vifodi vya Tengeru–Kilombero: kwanza gari lifike mwisho wa ruti

Anayefikiria kupanga nyumba Ngulelo, Kimandolu au Tengeru huku kazi yake ikiwa katikati ya jiji la Arusha, aulize habari za usafiri kabla ya kuuliza kodi. Mimi ninakaa Ngulelo na ninategemea vifodi, yaani daladala ndogo, kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, na Jumamosi ninavipanda tena kuelekea upande wa pili, kwenye soko la Tengeru. Ninachoandika hapa ni tathmini ya mtu anayelipa nauli, si ya mmiliki wa gari wala ya mtaalamu wa mipango miji. Kwa jumla ninaipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Nyota mbili nilizozuia zinatokana na jambo moja, nalo ni kukatisha ruti, yaani gari kugeuza kabla ya kufika mwisho.

Mazuri yapo, na ni haki yasemwe. Tangu barabara ya Sakina hadi Tengeru, yenye urefu wa kilometa 14.1, ilipopanuliwa kuwa ya njia nne, safari yenyewe imekuwa nyepesi. Gari likishaondoka, unafika Sanawari, kituo cha njiani kuelekea mjini, bila ile foleni ya zamani ya malori ya kwenda Holili na mabasi ya Moshi yaliyobanana na vifodi katika njia moja. Magari huanza kupita alfajiri, kabla muuza chai wa kituoni hajawasha jiko, na mchana huhitaji kusubiri sana ukiwa kituo cha njiani. Makonda wa ruti hii ni watu wa msaada kuliko wanavyosifiwa: mama mwenye ndoo za parachichi hupakiliwa mzigo wake bila kuomba, na mzee hupishwa kiti hata kama gari limejaa. Nauli nayo inavumilika. Katika viwango vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, vilivyotangazwa Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilometa 10 iliwekwa Sh 600, na mwanafunzi Sh 200, na kwa umbali wa kutoka kwangu hadi mjini siwezi kusema kwamba ninaonewa.

Ninachonunua kwa nauli hiyo, hata hivyo, hakijulikani mpaka nifike. Gari lina mstari wa rangi ubavuni na maandishi ya ruti yanayosema Tengeru–Kilombero (Kilombero ya hapa Arusha, mwisho wa ruti upande wa mjini), konda anaita Kilombero, mpiga debe naye anaita Kilombero, lakini likifika Sanawari saa ya watu wengi, dereva akaona upande wa pili wa barabara pamejaa abiria wa kurudi Tengeru, ruti huishia hapo hapo. Siku moja ya gulio, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa na ndoo mbili za nyanya miguuni na tenga la ndizi kwenye buti. Konda aligonga bati mara mbili, gari likasimama, akafungua mlango.

“Shangazi, gari inageuza. Shuka tukufaulishe.”

“Mwanangu, nimekulipa mpaka Kilombero. Hizi nyanya nitazibeba na nani?”

“Usijali shangazi, nakuunganisha na huyu hapa nyuma.”

Gari la nyuma lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Konda wa kwanza alimpa mwenzake sarafu ambazo hazikufikia nauli kamili, yule wa pili akazitazama kiganjani, akamtazama mama na mzigo wake, kisha akagonga bati gari likaondoka. Mama alipata bajaji baada ya muda, na fedha aliyoitoa ilikuwa nyingi kuliko faida ya ndoo moja. Abiria tusio na mizigo tulitembea au tulilipa upya, na hakuna aliyerudishiwa chochote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na tiketi ya kuonyesha kwamba alilipia kufika wapi.

Abiria wenzangu wana maoni mengi kuhusu namna ya kurekebisha hali hii, na kituoni huwa tunayajadili kwa kirefu, maana muda wa kujadili tunao. Vijana wengi wanasema dawa ni mabasi makubwa, Arusha iletewe mwendokasi kama ule ulioanza Dar es Salaam mwaka 2016. Jirani yangu mmoja, aliyewahi kuishi ughaibuni, huenda mbali zaidi na kutusimulia treni za chini ya ardhi. Simulizi zake zinapendeza, ingawa kwa mji ambao mvua za masika bado hujaza maji mitaro yake ya juu, sioni tukianza kuchimba karibuni. Kuna kitu kimoja katika simulizi hizo, hata hivyo, ambacho huwa ninakitafakari. Huko New York, ambako treni hizo zilianza mwaka 1904 na hutembea saa 24, abiria nao hulalamika: treni huchelewa, hupitiliza vituo, hubadilishiwa njia wakati wa ukarabati. Lakini akishalipa nauli moja pale anapoingia, anaweza kushuka treni moja na kupanda nyingine ndani ya mfumo huo bila kulipa tena. Treni ikimwangusha njiani, anapoteza muda wake, si nauli yake. Jambo hilo halihitaji reli wala handaki. Linahitaji tiketi, na makubaliano kati ya wenye magari ya ruti moja kwamba tiketi ya gari lililogeuza itapokelewa na gari linalofuata, kisha wao wenyewe wafanye hesabu zao jioni.

Neno hesabu ndilo lililo mdomoni mwa kila dereva, na bila kulielewa mtu atabaki kuwatukana makonda mpaka achoke. Dereva wa kifodi kwa kawaida hana mshahara. Anakabidhiwa gari asubuhi na jioni anampelekea tajiri, yaani mwenye gari, kiasi walichokubaliana, na hicho ndicho kinachoitwa hesabu; kinachobaki baada ya hesabu, mafuta, mpiga debe na faini ndicho anachogawana na konda. Kosa moja barabarani ni faini ya Sh 30,000, ambayo ni sawa na nauli za abiria 50 wa Sh 600. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na zikipanda dereva anaanza kununua kwa bei mpya siku hiyo hiyo, ilhali nauli hukaa miaka bila kuguswa na tajiri hapunguzi hesabu yake. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo atageuza Sanawari. Kipande cha Sanawari hadi Kilombero kina foleni, kinakula mafuta, na wengi waliomo garini wameshalipa, kwa hiyo kila dakika anayoitumia kuwafikisha ni dakika asiyolipwa. Upande wa pili wa barabara kuna watu wenye fedha mkononi. Ningekuwa mimi kwenye usukani, sijui kama ningekuwa na moyo wa kuendelea mbele.

Ukiangalia kwa jicho hilo, kero nyingine zote zinaelekea mahali pamoja. Gari hukaa kituo cha mwanzo injini ikiunguruma hadi lijae, kwa sababu kiti kitupu kinakula hesabu. Mwanafunzi huzuiwa mlangoni kwa mkono wa konda na kuambiwa “wawili tu, wengine subirini”, kwa sababu kiti chake kinalipa Sh 200 badala ya 600. Jambo hili linaniuma kuliko yote, maana watoto wale huachwa na gari baada ya gari wakiwa na sare zilizolowa, kisha shuleni wanaulizwa kwa nini wamechelewa. Chenji ya Sh 400 huahidiwa “hapo mbele” na mbele yenyewe haifiki. Jioni mvua ikinyesha, nauli hupanda bila tangazo. Usiku magari hupungua kwa kuwa dereva aliyekwisha kupata hesabu hana sababu ya kuhangaika na abiria watano.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani ukubwa wa gari utamaliza tatizo. Ninaunga mkono Kosta, yaani mabasi ya ukubwa wa kati, ziingie katika barabara kuu ya Tengeru hadi Sakina, kwa kuwa barabara inazibeba na abiria wapo, huku vifodi na bajaji zikibaki kuleta watu kutoka ndani, Moshono, Ilboru na kwingineko ambako Kosta ingehangaika kugeuza. Lakini Kosta inayodaiwa hesabu kila jioni itageuza Sanawari vile vile, na itashusha watu wengi zaidi kwa mkupuo. Ninachotamani kukiona kwanza ni wenye magari wa ruti hii, wakiwa kwenye umoja wao, wamlipe dereva na konda mshahara unaojulikana, mapato yaingie kwenye mfuko wa pamoja kwa tiketi au kwa simu, na gari litoke kituoni kwa saa badala ya kwa kujaa. Malipo kwa simu tumeshayazoea dukani na kwa mama ntilie, kwa hiyo yasionekane mageni kwenye kifodi. Yangeondoa pia ugomvi wa chenji, na tajiri angejua gari lake limeingiza kiasi gani bila kumkadiria dereva.

Vituo ni habari fupi. Vya barabara kuu vina nafasi ya gari kuegesha pembeni, ila vinahitaji paa na bango linaloonyesha ruti na nauli, ili mgeni asitegemee ukarimu wa mpiga debe.

Na wageni wanakuja. Mashindano ya AFCON ya mwaka 2027 yamepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, na Arusha inajengewa Olmoti uwanja wa kuchukua watazamaji 30,000. Kifodi kimoja kikibeba watu 15 waliokaa, kuwaondoa wote hao ni safari 2,000. Hata nusu yao wakitembea kwa miguu au wakiwa na magari yao, bado ni safari 1,000 baada ya filimbi ya mwisho, usiku, muda ambao sasa ninahangaika kupata gari moja la kunifikisha Ngulelo. Sidhani kama dereva mwenye hesabu mfukoni ataacha kugeuza kwa sababu abiria wake wamevaa jezi.

Kwa anayeanza kutumia ruti hii leo, ushauri wangu ni huu. Asubuhi pandia kituo cha njiani, usipandie cha mwanzo, ili usikae ndani ya gari linalosubiri kujaa. Beba Sh 600 kamili. Kabla hujakaa, muulize konda kwa sauti, wengine wasikie, kama gari linafika Kilombero, kwa sababu akishajibu mbele ya watu ni vigumu kukana. Ukiwa na mzigo mzito siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi, kaa karibu na mlango na upatane bei ya mzigo kabla haujapakiwa. Nauli usiitoe mapema: konda akianza kuchapa noti zake kwa kidole na kusema “nauli jamani, nauli zenu”, mwambie kwa upole kwamba utalipa mkishapita Sanawari. Wengine hukunja uso, lakini siku hizi ninaona abiria wengi wa asubuhi wanajibu hivyo hivyo, na gari ambalo nusu ya nauli bado imo mifukoni mwa watu huwa linafika Kilombero.